Kumwitia Daktari Auti

Kabla hata sarafu haijarushwa, Odeta alishawachekesha watu. Badala ya kunyoosha mkono juu ya wavu kama wachezaji wanavyofanya, alibana raketi kwapani, akakunja goti mpaka likakaribia kugusa udongo, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," akajibu Renatha. Angejibu nini kingine? Shikamoo haikataliwi, hata ikitoka kwa mtoto aliyekuja kukunyang'anya kitu unachokitaka kuliko vyote duniani. Lakini moyoni alisema, binti wewe, leo si siku ya kunipigia goti.

Fainali ya wanawake ya Kanda ya Ziwa kwa kawaida hutazamwa na ndugu wa wachezaji na mbuzi wa jirani. Mwaka huu watu walikuwa wamejaa juu ya mawe yote yanayouzunguka ule uwanja wa zamani pale Pasiansi, Mwanza, wengine wamekuja na miavuli, wengine na karanga. Chama cha tenisi kilikuwa kimetangaza kwamba bingwa wa kanda atapewa nafasi moja katika mashindano ya kulipwa ya wanawake yatakayochezwa Dar es Salaam mwezi unaofuata. Ni ngazi ya chini kabisa ya mchezo wa kulipwa, hilo halina ubishi, lakini mabingwa wengi unaowaona kwenye televisheni walianzia kwenye ngazi hiyohiyo. Ukishinda pale unaanza kuhesabiwa pointi za dunia.

Renatha alikuwa na miaka thelathini na nne. Alikuwa daktari wa meno, mzaliwa wa Muleba, na kila siku ya kazi alivuka kwa kivuko kwenda Kamanga, kutoka hapo akaenda kuziba na kung'oa meno ya watu wa Sengerema. Tenisi alijifunza akiwa msichana, na tangu wakati huo hakuna mwanamke wa kanda hii aliyemfunga kwenye fainali. Miaka yote hiyo, alipokuwa bado na miguu ya kukimbia, nafasi kama hii haikuwepo. Sasa ipo, na magoti yake yanamuuma kila akipanda ngazi za kivuko. Hakujidanganya: hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Aliitaka kwa moyo wote, wala hakuona haya kuitaka.

Halafu akatokea huyu mtoto wa Igogo.

Odeta alikuwa na miaka kumi na tano. Kocha Venant, mtu mwenye sauti ya mpiga debe na subira ya mtu mwenye njaa, alimkuta akiupigapiga mpira kwenye ukuta wa ghala kwa ubao wa kukatia samaki wa mama yake, akampa raketi, na tangu siku hiyo hakuna aliyelala kwa amani kwenye tenisi ya Mwanza. Mwaka huu alimtoa mwanajeshi kutoka Musoma. Akamtoa mwanafunzi wa chuo aliyekuja na kocha wake mwenyewe na jagi la maji ya ndimu. Nusu fainali alimfunga msichana wa Bukoba upesi kiasi kwamba waliokwenda kununua soda walirudi wakakuta wavu unalegezwa.

Renatha hakushangaa sana. Kivukoni asubuhi, wenzake wakisinzia, yeye alikuwa akitazama tenisi ya dunia kwenye simu, na huko pia mambo yalikuwa yamegeuka. Vibinti vya miaka kumi na sita, kumi na saba, vingine bado vina vyuma vya kunyooshea meno (kama daktari, vyuma ndivyo alivyoviona kwanza), vinaingia kwenye uwanja mkubwa mbele ya maelfu ya watu na kuwatoa jasho wanawake waliocheza mchezo huo nusu ya maisha yao. Vinapiga mpira bila kuomba ruhusa ya mtu. Renatha aliwapenda wasichana wale mpaka akapitiliza wakati wa kushuka, siku moja karibu arudishwe mjini na kivuko kilekile. Lakini kumpenda mtu kwenye simu ni jambo moja, na kumkuta ng'ambo ya wavu wako ni jambo lingine.

Mechi ikaanza, na tangu gemu ya kwanza Renatha alijua kwamba habari za huyu mtoto hazikutiwa chumvi. Mpira wake ulikuja mzito. Ulikuja mapema pia, kwa sababu hakuusubiri ushuke. Aliupiga ukiwa bado unapanda, kana kwamba ana haraka ya kwenda mahali. Renatha alikimbia kulia, akakimbia kushoto, akajikuta anapumua kwa mdomo kabla hata jasho halijamtoka vizuri.

Na bado alikuwa anashinda. Hapo ndipo paliposhangaza.

Msichana alikuwa akimtawala pointi nzima, anamtoa nje ya uwanja, anamrudisha, halafu mwishoni, pale pa kummaliza, anapiga mpira kwa kusitasita, unanasa kwenye wavu. Tatu kwa mbili, Renatha anaongoza. Nne kwa tatu. Kule nyuma ya uzio wa michongoma, Venant alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Walipobadilishana pande, Renatha aliona.

Uwanja ule ni wa udongo wa kichuguu, uliosagwa ukashindiliwa, na mistari yake hupakwa chokaa. Mpira ukidunda unaacha alama, na alama haifutiki mpaka mtu aisugue kwa kiatu. Renatha alipokuwa akielekea kwenye nafasi yake, upande alioutoka Odeta sasa hivi, aliona alama ya mpira nje ya mstari wa nyuma. Haikuwa ya kubishaniwa. Kati yake na chokaa ungeweza kulaza kiganja. Akakumbuka mpira huo: ni yeye aliyeupiga, mrefu, na alishakata tamaa nao alipoona Odeta anaurudisha kama mpira mzuri, na kupoteza pointi.

Akatazama vizuri. Pembeni kulikuwa na nyingine. Na kule karibu na kona, nyingine tena.

Hapa lazima ieleweke jinsi tunavyocheza huku. Hatuna waamuzi wa mistari. Chenge, katibu wa klabu, anakaa juu ya kiti kirefu na kazi yake ni kuhesabu pointi tu. Mistari wanaiita wachezaji wenyewe, kila mmoja upande wake: mpira ukidondoka kwako, wewe ndiye unayeona kama umetoka. Ukitoka unanyoosha kidole na kusema auti, na hakuna wa kukupinga. Ukinyamaza, mpira ni mzuri na mchezo unaendelea. Odeta alikuwa ananyamaza. Mipira ilikuwa inatoka, anaiona inatoka, na anaicheza.

Ningependa kusema kwamba Renatha alisimamisha mechi palepale. Hakusimamisha. Alisugua alama ya karibu kwa kiatu, akajiambia kwamba sheria ni sheria, upande wa mtu ni wa mtu, na kama mwenyewe hauiti mpira, basi mpira ni mzuri. Akacheza. Kwenye gemu iliyofuata mpira wake mmoja ulitoka peupe, hata waliokaa juu ya mawe waliuona, na Odeta akauchukua kwa adabu na kuupiga kwenye wavu.

"Umetoka huo!" Venant akabweka. "Ita, mtoto, ita!"

"Kocha, nakuonya," Chenge akasema kutoka juu ya kiti chake. "Hairuhusiwi kufundisha."

Renatha alichukua seti ya kwanza sita kwa nne. Watu wakapiga makofi. Alikaa kwenye benchi lake, akanywa maji. Seti moja zaidi, na Dar ilikuwa yake. Alijaribu kuifurahia. Badala ya furaha kilichompanda kilikuwa hasira, na hasira ya Renatha si ya mchezo. Kuna wagonjwa Sengerema wamehama kliniki kwa sababu yake. Akasimama, akakizunguka kiti cha Chenge mpaka kwenye benchi la pili.

"Odeta."

Msichana alisimama mara moja, kama yuko darasani. "Naam, Daktari."

"Kaa. Mipira yangu mingapi imetoka?"

Odeta akatazama viatu vyake. "Michache."

"Na kwa nini huiti? Wale wengine uliowatoa ulikuwa huwaitii?"

"Nilikuwa nawaitia. Wale walikuwa dada tu." Akatupa jicho kule kwenye mawe. "Sasa Daktari nitamnyooshea kidole mbele za watu, niseme amekosea? Mama amekaa pale."

Renatha akageuka. Juu ya jiwe la mbele kabisa, kwenye khanga aliyoitandika vizuri, alikuwa amekaa Selina, mama yake Odeta, mwanamke wa Kisukuma anayeuza dagaa Igogo na anayejulikana mtaa mzima kwa jinsi alivyowalea wanawe. Watoto wa Selina hawapiti mbele ya mtu mzima bila kukunja goti. Hawapokei kitu kwa mkono mmoja. Mkubwa akisema jua ni la kijani, wanasema ndiyo, wanakwenda kucheka nyuma ya nyumba. Na huyu hakuwa mkubwa wa hivi hivi tu. Huyu alikuwa Daktari, aliyekwenda shuleni kwao Odeta akiwa darasa la nne akamng'oa jino bovu, na Selina akaja kesho yake kumshukuru na kuku.

Renatha alielewa yote hayo. Lakini hasira haikushuka.

"Kwa hiyo seti niliyoshinda ni sadaka," alisema. "Umenihurumia."

"Hapana, Daktari!"

"Basi nisikilize. Ukisema auti hujasema mimi nimekosea adabu wala akili. Umesema mpira umetoka. Upande wako unaita wewe, upande wangu naita mimi, na hakuna wa kumwangalizia mwenzake. Ukininyamazia mpira mmoja tu uliotoka, naweka raketi chini naondoka, na hiyo nafasi ya Dar wampe mbuzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, sema auti."

"Auti," alisema Odeta, kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji.

"Siku ile ya jino ulipiga kelele Igogo nzima ikatoka nje. Leo sauti imekwenda wapi? Sema!"

"Auti!"

Chenge akainama kutoka kwenye kiti chake. "Kuna tatizo huko?"

"Hakuna," Renatha akasema. "Tunaongea mambo ya meno."

Seti ya pili ilianza. Mpira wa Renatha ulitoka mapema, kidogo tu, upande wa kushoto. Odeta aliutazama. Akamtazama Renatha. Akanyanyua kidole mpaka usawa wa kiuno, kikaishia hapo. "Auti," akasema. "Samahani, Daktari."

Mawe yote yakalipuka kwa kicheko. Selina alijifunika uso kwa upande wa khanga yake kama mtu aliyevuliwa nguo. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi ndivyo watoto wanavyolelewa. Renatha akanyoosha dole gumba juu ya kichwa chake ili kila mtu alione, na kicheko kikapungua.

Mpira wa pili ulipotoka, kidole kilifika kifuani. "Auti, Daktari." Wa tatu hakukuwa na Daktari. "Auti!" tu, na kidole juu, na msichana ameshageuka kwenda kwenye nafasi yake.

Na baada ya hapo, jamani, alicheza!

Wako watu waliokuwepo siku ile ambao mpaka leo ukiwagusia wanaacha walichokuwa wanafanya na kukuonyesha kwa mikono. Ilikuwa kama mtu ametoa jiwe kwenye kiatu chake. Kumbe muda wote mtoto alikuwa anacheza na nusu ya akili, nusu nyingine inashughulika na mipira iliyotoka na atakavyoificha. Sasa akili yote ilirudi kwenye mkono. Alipiga fohendi ya pembe kali kiasi kwamba mpira uliondoka uwanjani kwa pembeni, juu ya benchi, kabla Renatha hajanyanyua mguu. Alirudisha sevu, yaani mpira wa kuanzishia pointi, akiwa ndani kabisa ya uwanja, mahali ambapo makocha wote wa dunia wanasema usisimame. Mara moja, Odeta akiwa amevutwa mbele hadi wavuni, Renatha alimpandishia mpira juu ya kichwa, mrefu, mzuri, mpira ambao umewamaliza wanawake wa kanda hii kwa miaka. Msichana aligeuka, akaukimbilia akiwa amewapa watu mgongo, na badala ya kuuokoa tu, aliusubiri udunde, akajipinda, akaupiga kwa bekihendi bila kuutazama wavu. Ulipita sentimita chache juu ya kamba na kutua ndani.

Renatha alijikuta anapiga nyuzi za raketi yake kwa kiganja. Hayo ndiyo makofi ya mchezaji, na hakukusudia kuyapiga; mkono uliyapiga wenyewe. Alikuwa anafungwa, na moyo ulimuuma kwa kufungwa, na papo hapo alikuwa na furaha ambayo hakuijua alikoitoa. Wale aliokuwa akiwatazama kivukoni, kumbe mmoja alikuwa hapa hapa. Amekulia Igogo, kwenye ukuta wa ghala, na Renatha amewahi kuingiza mkono mdomoni mwake.

Sita kwa mbili, seti ya pili ikaenda kwa Odeta.

Usidhani kwamba Renatha alisalimu amri. Kumpenda mtu si kumwachia, na Dar bado ilikuwa inamwita. Seti ya tatu alifunga kibwebwe. Aliacha kushindana na nguvu za msichana akamletea ujanja: mipira mifupi inayofia karibu na wavu, mipira ya kuelea, mipira laini isiyo na kitu ndani ambayo lazima mwenyewe uitafutie nguvu. Odeta alikosea, akakasirika, akapiga paja lake kwa ngumi. Venant akageukia uzio asitazame. Magoti ya Renatha yalikuwa yanawaka moto, na kila gemu aliyoishinda aliishinda kwa kichwa. Nne kwa nne. Hata mzee aliyelalamikia malezi alikuwa amesimama. Selina alikuwa ameisahau khanga yake. Ilikuwa imeanguka chini ya jiwe, na yeye alikuwa ameshika mikono ya wanawake wawili asiowafahamu.

Odeta akaenda tano kwa nne. Kwenye gemu iliyofuata Renatha ndiye aliyesevu, na aliokoa pointi moja ya kumalizia mechi kwa mpira uliogusa kamba ya wavu na kudondokea kwa Odeta. Wakarudi sare. Kisha Odeta akapata nyingine. Pointi moja tu, na mechi ingekwisha.

Ilikuwa pointi ndefu. Walipigiana mpaka watu wakaacha kupumua. Renatha alimbana msichana kwenye bekihendi, akambana tena, akaona kona moja ya upande wake imebaki wazi akaenda kuiziba, na hapo hapo Odeta akaubadilisha mpira kwenda upande mwingine, moja kwa moja, ukipita kandokando ya mstari. Renatha aliurukia. Raketi yake ilikata hewa. Nyuma yake alisikia mpira unadunda.

"Auti!" akasema.

Neno lilitoka kabla macho hayajafika. Hakuupanga uongo ule. Mwili mzima ulikuwa unautaka mpira utoke, na mdomo ukautoa.

Juu ya mawe watu waliguna. Hakuna aliyekuwa karibu na kona ile, na Venant alikuwa mbali, nyuma ya mchezaji wake. "Auti," Chenge akarudia. "Sare."

"Sawa, Daktari," akasema Odeta. Hakuuliza. Hakuomba kuonyeshwa alama, ingawa haki hiyo alikuwa nayo. Alirudi kwenye mstari wake, akafuta jasho kwa mkono wa fulana, akasimama kusubiri.

Renatha alikwenda kwenye kona kuchukua mpira. Njiani akauona mstari. Chokaa ilikuwa imemegwa ukingoni, mbichi, na unga mweupe ulikuwa umetapakaa kwenye udongo mwekundu. Aliokota mpira. Upande mmoja manyoya yake yalikuwa meupe.

Alisimama pale amewapa watu wote mgongo. Mbele yake kulikuwa na michongoma tu, na nyuma ya michongoma ziwa. Kufuta alama ilikuwa kazi ya kiatu kimoja. Kuufuta mpira ilikuwa kazi ya sketi. Pointi mbili hapo, gemu hiyo iwe yake, na msichana amechoka, na yeye anajua namna ya kuwamaliza waliochoka. Aliiona Dar. Aliliona jina lake limeandikwa kwenye ubao wa wachezaji, pamoja na wanawake wa nchi nyingine, mara moja tu katika maisha. Aliitaka sana hivi kwamba machozi yalimlengalenga. Odeta ana miaka kumi na tano, akajiambia. Nafasi zitamjia tele. Na tatizo ni kwamba hilo lilikuwa kweli.

Lakini kweli nyingine ilikuwa mkononi mwake, na ilikuwa nyeupe.

Aligeuka, akatembea mpaka wavuni, akaunyanyua mpira. "Chenge, mpira ulikuwa ndani. Umegusa mstari. Nimeita vibaya."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Odeta hakuelewa kabisa. Alikuja wavuni mbio. "Basi turudie pointi, Daktari?"

"Hakuna kurudia. Sikuugusa. Pointi ni yako, na mechi ni yako. Umeshinda, mtoto wewe. Unakwenda Dar."

Mawe yakapiga kelele yote kwa pamoja. Venant alipita katikati ya michongoma badala ya kuzunguka mlangoni, akatokea upande wa pili na mikwaruzo usoni. Selina alikuwa akilia na kucheka na kusema "wabeja, wabeja", asante za Kisukuma, kwa watu ambao hawakuwa wamempa kitu chochote. Odeta alibaki palepale wavuni. Aliuchukua mpira kutoka mkononi mwa Renatha, akautazama upande mweupe, wala hakuonekana kushangaa.

"Niliona vumbi jeupe linaruka," alisema.

Renatha alidhani hakusikia vizuri. "Uliona?"

"Niliona, Daktari."

"Ukasema sawa?"

"Daktari alisema kila mtu anaita upande wake, na hakuna wa kumwangalizia mwenzake." Akagusa ile chokaa kwa kidole. "Nikajua Daktari ataenda kuchukua mpira, na atauona."

Damu ilimpanda Renatha usoni. Katika maisha yake yote ya uwanjani hakuwahi kupigwa mpira uliomwingia kiasi hicho, na aliyeupiga hakujua kwamba ameupiga. Alimshika msichana mabega juu ya wavu. Alitaka kumwomba radhi, alitaka kumbusu, alitaka kumzaba kibao kwa kumwamini mtu namna ile mbele ya nafasi kubwa kama hii. Alimkumbatia tu, wavu ukiwa katikati yao, na kumsemea sikioni ili mama yake asisikie.

"Huko Dar usimsubiri mtu auangalie mpira. Ukiona vumbi, unasimama pale pale, unaomba uonyeshwe alama."

"Hata kwa mkubwa?"

"Hasa kwa mkubwa," akasema Renatha.